Baada ya Kupasuliwa, Kazi Yaanza Nyumbani



Furaha ya jamaa inayompokea mgonjwa wake akitoka hospitalini ni kubwa mno. Mama hupiga vigelegele, watoto hukimbia njiani kumpokea mizigo, majirani huja na ndizi na mayai, na kila mtu humshukuru Mungu kwa sauti. Wote husema, "Amepona! Hatari imekwisha!" Basi mgonjwa hulazwa juu ya kitanda kilicho kizuri kuliko vyote nyumbani, hufunikwa blanketi, na tangu saa hiyo haruhusiwi kuinua hata kijiko.

Furaha hiyo ni njema, na moyo huo ni wa Kikristu. Lakini leo nataka kuwaambia jambo lililotuliza machozi mengi, mimi na ndugu zangu: mgonjwa aliyepasuliwa akifika nyumbani, kazi haijaisha. Mganga mpasuaji amekwisha kufanya yake kwa kisu na uzi. Sasa imebaki kazi ya mgonjwa mwenyewe na ya jamaa yake. Kazi hiyo ni mazoezi ya mwili. Waganga huiita kinesiterapia, yaani elimu ya kuponya viungo kwa kuvitembeza.

Jinsi tulivyokosa

Baba yangu ni katekista. Kwa miaka mingi alikwenda kwa miguu kila Dominika mpaka kapela moja ya mlimani, mwendo wa saa moja na nusu, kuongoza sala mahali ambapo padri hufika mara chache tu. Mwezi wa tano wa mwaka 2018 aligongwa na pikipiki njiani, mfupa wa paja ukavunjika. Waganga wakampasua, wakatia msumari mrefu wa chuma ndani ya mfupa, wakaukaza kwa skrubu juu na chini. Mambo yalikwenda vema. Siku ya tisa tukamrudisha nyumbani na magongo mawili, dawa za maumivu, na karatasi moja yenye picha za mazoezi, aliyopewa na mganga wa viungo.

Karatasi ile tuliitia ndani ya kitabu cha Misa ili isipotee. Hatukuisoma.

Tulimlaza baba. Kwa kuwa goti lilimwuma alipolinyosha, mama aliweka mto mnene chini yake, naye akapata raha. Mto ule haukuondoka mchana wala usiku kwa muda wa majuma matano. Alipotaka maji, mtoto alileta. Alipotaka kuketi, sisi vijana wawili tulimwinua kama gunia. Dada zangu walimlisha. Siku moja alinyosha mkono kushika magongo, nami mwanawe, mwalimu niliyesomeshwa na mapadri, nikamwambia, "Baba, tulia. Usije ukavunja tena kilichoungwa." Majirani walitusifu wakisema, "Mzee huyu amebarikiwa watoto."

Juma la sita tukarudi hospitalini. Picha ilionyesha kwamba mfupa waanza kuunga vizuri. Lakini mganga wa viungo alipotaka kulikunja goti, lilikunjika kidogo tu. Alipotaka kulinyosha, halikunyoka. Paja lilikuwa limekonda sana, likawa si mwenzake wa lile la pili. Mganga akauliza, "Nani alimtunza mzee huyu?" Tukajibu kwa majivuno, "Sisi sote. Hajainua hata kijiko." Yule mganga akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Basi, waganga wameunga mfupa, na watoto wamefunga goti."

Baba hakusema neno pale. Njiani tu ndipo aliponiuliza, "Mwanangu, je, nitapiga magoti tena mbele ya Ekaristi?" Nami sikuwa na jibu.

Kwa nini mwili wataka kutembezwa

Wazee wetu wajua kwamba njia isiyopitwa huota majani, na jembe lisilolima huliwa na kutu. Hivyo ndivyo ulivyo mwili. Mungu aliuumba kwa ajili ya kazi, nao ukikaa bila kazi huanza kupungua.

Kwanza hupungua misuli. Msuli usiotumika husinyaa upesi, na ule mkubwa wa mbele ya paja, unaotusimamisha na kutupandisha mlimani, ndio wa kwanza kukonda. Siku chache za kulala hutosha kuudhoofisha, bali kuurudisha hutaka majuma na miezi. Kisha hukazana viungo. Goti lisilokunjwa wala kunyoshwa hujifunga. Nyama zilizolizunguka hushikamana na kuwa fupi. Kwa hiyo ule mto wa mama, uliowekwa kwa mapendo, ulikuwa adui: goti lililolala limekunjwa juu ya mto kwa siku nyingi husahau kunyoka.

Hatari nyingine hazionekani kwa macho. Damu ya miguu hupanda kurudi moyoni ikisukumwa na misuli ya mguu inapotembea. Mguu ukilala kimya, damu hutuama, na pengine huganda ndani ya mshipa. Pande la damu hiyo likikatika na kufika mapafuni, laweza kumwua mtu kwa muda mfupi. Mapafu nayo, mtu akilala chali tu, hayajai pumzi mpaka chini. Makohozi hukaa humo, na homa ya mapafu huingia. Ngozi ya matako na ya visigino, ikikandamizwa na kitanda siku zote, hufanya vidonda ambavyo huwa vizito kupona.

Zamani waganga wenyewe hawakuyajua hayo yote. Mtu aliyevunjika paja alilazwa majuma mengi, mguu wake ukivutwa kwa mawe au vyuma vizito. Lakini elimu iliendelea. Mwaka 1813 Mswidi Pehr Henrik Ling alifungua mjini Stockholm chuo cha kufundisha mazoezi ya mwili. Mfaransa Just Lucas-Championnière (1843-1913), mpasuaji wa Paris, aliwafundisha wenzake kutembeza mapema viungo vilivyo karibu na mfupa uliovunjika. Mwaka 1939 Mjerumani Gerhard Küntscher, mjini Kiel, alianza kutia msumari wa chuma ndani ya mfupa wa paja. Na mwaka 1958 wapasuaji wa Uswisi waliunda chama cha kuendeleza kazi ya kuunga mifupa kwa vyuma, na moja la makusudi yao lilikuwa hili: mgonjwa aweze kutembeza viungo vyake upesi.

Fahamuni basi, wapenzi. Msumari ule hutiwa ili mfupa ushikwe imara, na mgonjwa apate kujongea bila kungoja miezi. Anayetiwa msumari kisha akalala tu amefanana na mtu aliyenunua taa kwa bei kubwa, akaifunika kwa pishi.

Maswali manne kabla ya kutoka hospitalini

Kila upasuaji una sheria yake. Mwingine huruhusiwa kukanyaga kwa uzito wote tangu siku za kwanza, mwingine hukatazwa kwa majuma kadhaa. Kwa hiyo msiige mazoezi ya jirani. Kabla ya kuondoka, mgonjwa na mtu mmoja wa jamaa yake waulize mambo manne, na majibu yaandikwe: Mguu huu waweza kubeba uzito gani, na tangu lini? Mjongeo gani umekatazwa? Mazoezi gani yafanywe, na mara ngapi kwa siku? Turudi lini kuonekana? Mtu asione haya kuuliza mara ya pili. Mganga hachoki na swali kama anavyochoka na goti lililofungika.

Mazoezi ya siku za kwanza

Haya niyaandikayo ni yale aliyofundishwa baba yangu, nayo hutolewa mara nyingi kwa waliopasuliwa paja au goti. Mganga wako akisema vingine, mfuate yeye.

La kwanza ni pumzi. Mgonjwa akiwa ameketi au ameinuliwa mgongo, avute pumzi polepole kwa pua mpaka kifua kijae, aizuie akihesabu mpaka tatu, kisha aitoe kwa kinywa. Afanye hivyo mara 10 kila saa awapo macho.

La pili ni vifundo vya miguu. Avute vidole vya mguu kumwelekea, kisha avisukume chini, mara 20. Hata aliye dhaifu sana aweza kulifanya, nalo ndilo linalosukuma damu ipande.

La tatu ni kukaza paja. Mguu ukiwa umenyoshwa kitandani, bila mto chini ya goti, alikandamize goti chini kana kwamba ataka kulibandika na godoro. Ashike akihesabu mpaka 5, alegeze. Mara 10.

La nne ni kuvuta kisigino. Aweke kitambaa au mfuko wa plastiki chini ya kisigino ili kiteleze, akivute polepole kuelekea matakoni, mpaka pale maumivu yanapovuta lakini yavumilika. Ahesabu 5, arudishe. Mara 10, asubuhi, adhuhuri na jioni.

La tano ni kuketi juu ya kiti kirefu, miguu ikining'inia, na mguu mzima kuusaidia ule mgonjwa kukunjika na kunyoka.

La sita ni kusimama na kutembea kwa magongo. Vichwa vya magongo visifike kwapani kabisa. Nafasi ya vidole viwili au vitatu ibaki. Uzito uwe mikononi, maana anayening'inia kwa makwapa huumiza mishipa ya fahamu na mikono hufa ganzi. Penye ngazi kuna sheria moja ambayo wanafunzi wataishika upesi: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, mguu mgonjwa hutangulia pamoja na magongo. Mikeka iondolewe njiani, sakafu yenye maji ikaushwe, na mtu mmoja asimame karibu na mgonjwa siku zile za kwanza.

Je, maumivu? Yatakuwapo. Yafaa mgonjwa ameze dawa yake ya maumivu, kwa kipimo alichoandikiwa, nusu saa hivi kabla ya mazoezi. Maumivu ya kunyoka na kuvuta, yanayotulia baada ya kupumzika, si mabaya. Lakini yakizidi, na kesho yake goti likaamka limevimba kuliko jana, basi punguzeni, msiache kabisa. Haba na haba hujaza kibaba.

Mama aliyezaa kwa kupasuliwa

Msidhani kwamba maneno haya ni ya waliovunjika mifupa tu. Mama aliyepasuliwa tumbo ili azae, na mtu aliyepasuliwa ngiri, nao husaidiwa na wauguzi kusimama na kutembea kidogo mapema, mara nyingi siku ile ile au kesho yake. Akitaka kuondoka kitandani, asijikunje kwa tumbo. Ageuke kwanza ubavu, ateremshe miguu, kisha ajisukume kwa mkono. Akitaka kukohoa, ajishikilie mto juu ya kidonda.

Bali kutembea si kubeba. Kwa muda wa majuma sita hivi, au kadiri alivyoambiwa, asinyanyue kitu kilicho kizito kuliko mtoto wake mchanga. Ewe mume Mkristu, sikia: bidoni la maji la lita 20 na mzigo wa kuni si vyake majuma hayo. Ni vyako. Usiangalie nani atakucheka kisimani. Yosefu Mtakatifu hakuona haya kuwahudumia Maria na Mtoto.

Dalili za kurudi upesi kwa mganga

Mkiona mojawapo ya haya, msingoje siku ya miadi: shavu la mguu limevimba, lauma na lina joto, pumzi inakata ghafula au kifua chachoma, homa kali, kidonda chatoa usaha, au kimefunguka, maumivu makali ya ghafula mahali palipoungwa, mguu umekufa ganzi au umekuwa baridi. Pumzi ikikata, mchukueni saa ile ile, hata usiku.

Tena, msikande kidonda kibichi wala mfupa usiounga, wala msimwage juu yake maji ya moto na majani. Najua kwamba wazee wetu wana mikono yenye ufundi. Lakini kumkanda kwa nguvu mtu ambaye damu yake imeganda mguuni kwaweza kulisafirisha lile pande mpaka mapafuni. Mwulizeni mganga kwanza.

Mashujaa wa imani nao walijifunza kutembea

Tarehe 20 Mei 1521, mjini Pamplona, risasi ya mzinga ilimvunja mguu askari mmoja wa Kibaski. Alichukuliwa mpaka nyumbani kwao Loyola. Mfupa uliunga vibaya, ukavunjwa tena; kipande kilichotokeza kikakatwa kwa msumeno, naye hakuwa na dawa ya kumlaza usingizi. Kisha mguu uliokuwa mfupi ukavutwa siku nyingi. Alikubali kukatwa mfupa ule kwa sababu alitaka kuvaa tena viatu virefu vya fahari! Katika miezi ile ya kupona alisoma maisha ya Kristu na ya watakatifu, moyo wake ukageuka. Huyo ndiye Mtakatifu Inyasi, mwanzilishi wa Shirika la Yesu. Alichechemea mpaka kufa kwake, na kwa mguu huo alikwenda safari nyingi kwa ajili ya Mungu. Ikiwa yeye alivumilia hayo kwa ajili ya viatu, je, sisi hatuwezi kuvumilia kukunja goti mara 10 kwa ajili ya watoto wetu na kazi yetu?

Na Papa Yohane Paulo II, yule aliyemtangaza Anuarite kuwa mwenye heri mjini Kinshasa mwaka 1985, alianguka tarehe 28 Aprili 1994 na kuvunjika mfupa wa paja karibu na nyonga. Kesho yake alipasuliwa mjini Roma, akatiwa kiungo cha bandia. Alishika fimbo na kuendelea. Septemba 1995 alifika Afrika, akawatembelea waamini wa Yaoundé, Johannesburg na Nairobi.

Chaki sakafuni

Narudi kwa baba yangu. Siku ile tuliyotoka hospitalini nilikiondoa kitabu cha Misa kabatini, nikaitoa karatasi. Binti wa dada yangu, mwanafunzi wa darasa la tano, akapewa kazi: kusoma picha, kuhesabu kwa sauti, na kupiga mstari wa chaki sakafuni mahali kisigino cha babu kilipofika. Kila Jumamosi alipiga mstari mpya na kuandika tarehe.

Haikuwa kazi rahisi. Juma la pili baba alikasirika, akanitupia gongo, akasema, "Wewe si mwanangu, wanitesa!" Siku mbili alikataa kabisa. Mama akataka kuurudisha mto, maana, kama wasemavyo, mgonjwa haulizwi uji. Hupewa tu kile kimfaacho. Nikamjibu, "Mama, kimfaacho ndicho hiki." Yule mtoto ndiye aliyetushinda sote. Aliketi sakafuni karibu na mistari yake, akasema, "Babu, ulituambia kwenye mafundisho kwamba Petro alimshika yule kiwete mkono wa kuume akamwinua. Nipe mkono." Mzee akacheka, akampa mkono.

Tangu siku ile hakuacha. Mstari wa chaki ulisogea upana wa kidole kwa juma, mara nyingine haukusogea, mara nyingine ulirudi nyuma. Dominika ya kwanza ya Majilio ya mwaka huo alipanda mlima mpaka kapela yake kwa fimbo, akipumzika njiani mara sita. Mwendo ulikuwa saa tatu. Waamini walikuwa wakingoja nje, nao waliimba alipotokea.

Lakini sitaki kuwadanganya, wasomaji. Goti lile halikurudi lote. Hata leo lakunjika kupita kidogo pembe ya mraba, na hapo husimama. Katika mageuzo baba hupiga goti moja tu, lile zima, akishika benchi kwa mkono. Mganga alituambia kwamba kama tungalianza siku ya kumi, yaelekea angalipiga yote mawili. Majuma yale matano hakuna awezaye kuturudishia.

Ndiyo sababu nimeandika. Ikiwa nyumbani mwako yupo aliyepasuliwa, nenda sasa, itafute karatasi yake, uisome mbele yake. Ondoa mto chini ya goti. Mpe mkono ili ajiinue mwenyewe, hata akikunung'unikia. Nanyi wanafunzi, mliojua kusoma na kuhesabu, chukueni chaki.